Amina Yangu Mbele ya Mfadhili

Wacha nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Shirika letu hapa Nakuru lilipewa ufadhili wa kutengeneza app ya demokrasia: mwananchi analalamika kwa Kiswahili, kiongozi anasoma kwa Kiingereza. Tuliizindua kwa keki na tisheti. Mwananchi wa kuitumia ndiye hakupatikana.

Juzi mfadhili akasema anakuja kuona watumiaji. Nikakimbia Kihoto, kule Naivasha ambako mafuriko huingia hadi jikoni, nikamwomba mkazi mmoja, Mama Njeri, anikusanyie majirani. Kila mmoja angepata unga, mradi aseme app imembadilishia maisha. Tukafanya mazoezi hadi wakaiva.

Siku yenyewe nikaunganisha app na maikrofoni, nikaimulika ukutani mwa kanisa ili mgeni asome kila neno kwa Kiingereza. Mkutano kwetu hauanzi bila maombi, kwa hivyo nikampa Mama Njeri maikrofoni, nikafumba macho kwa unyenyekevu wa mtu anayetaka ufadhili wa pili.

"Baba, tusamehe kwa hii uongo tunaenda kusema. Hiyo app hatuijui, lakini unga tunahitaji. Bariki huyu kijana, ametoa jasho kutufunza. Na huyu mgeni, mfungue macho ajue sisi tunataka mtaro, maji inatumaliza."

Nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote. Si mfadhili hajui Kiswahili?

Nikafumbua macho. Yeye hakuwa amefumba yake. Alikuwa anasoma ukuta, na kwa mara ya kwanza tangu tuizindue, app yetu ilikuwa imefanya kazi bila kukosea hata neno moja.