Mbuzi wa Umeneja

Siku nilipopewa cheo cha meneja wa zamu, mama alichinja mbuzi. Majirani wa Butiama walikula ugali wa udaga, ule wa muhogo, na nyama mpaka sufuria zikalia, na tangu hapo wakamwita Mama Meneja. Nami kichwa kilivimba. Mtoto wa mkulima wa pamba, leo meneja kiwandani Bunda.

Msimu ukafika, malori ya pamba yakapanga foleni hadi barabarani. Kazi yangu ilibaki ileile: kusimama mzanini na kusoma uzito. Wenzangu, wa mshahara wa mwezi kama mimi, walipozidisha saa walilipwa ovataimu. Mimi nilipouliza, mhasibu alitabasamu.

"Meneja halipwagi ovataimu, dada. Ndiyo sheria."

Ningebishaje? Cheo kilishaliwa pamoja na nyama ya mbuzi. Lakini jiko la mama lilikuwa linavuja, na bati nilikuwa nimemwahidi kwa jasho la msimu ule. Hasira ikanipandisha basi la Musoma, hadi ofisi ya kazi.

Afisa alikuwa mama mtu mzima, hana haraka.

"Unasimamia watu gani?"

"Nasimamia mzani."

"Mtu akifiwa, ruhusa unampa wewe?"

"Mimi mwenyewe naombaga."

Alicheka mpaka akavua miwani. Akanieleza kwamba sheria haiangalii jina la cheo, inaangalia kazi. Anayeachwa nje ni yule anayeongoza wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa wakubwa wa juu. "Wewe, mwanangu, unastahili kama wenzako."

Palepale akampigia mhasibu simu. Sauti ya yule bwana ilianza juu, ikashuka, ikaishia kwenye "sawa, mama, tutamlipa." Niliteremka soko la Mwigobero, kando ya ziwa, karibu nikikimbia, nikanunua sato mkubwa kuliko uwezo wangu, nikaenda moja kwa moja Butiama.

Mama alinisikiliza huku akipara magamba.

"Kwa hiyo hukuwaga meneja?"

"Sikuwa, mama."

Kisu kikasimama. Hapo niliogopa kuliko nilivyomwogopa mhasibu, kwa sababu jina lile alikuwa amelivaa kama kitenge kipya. Kisha akageukia uani kwa jirani, akapaza sauti.

"Jirani, njoo ule sato. Mwanangu ameacha umeneja, sasa analipwa."