Nilipost picha ya fundi wa nguo, siku mbili baadaye nikajipata kwa matanga yake

Wakuu, niaje.

Kaeni chini kwanza. Hii si hekaya ya kutafuta likes, na mwenye atasema nimetunga apitie Kawangware aulize wanakwaya. Mpaka leo nikikumbuka, mwili unasisimka.

Mimi ni mtu wa Kibera, Laini Saba, upande wa reli. Mchana napaka rangi nyumba za watu, jioni naandika blog. Blog yangu ni ya mafundi wa mtaa. Seremala wa Gatwekera, jamaa wa kutengeneza majiko, mama wa viatu. Napiga picha, naandika stori ya mtu, naweka link kwa page, watu wanasoma, fundi anapata wateja.

Hiyo ndiyo theory.

Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu wasomaji wangu walikuwa mimi na binamu yangu wa Kitui, na huyo binamu alikuwa ananionea huruma tu.

Nikaanza kufuata wale walimu wa content marketing wa mtandaoni. Mnawajua. Jamaa amekaa mbele ya taa ya zambarau anakuambia jenga audience kwanza, mengine yatakuja. Nikajifunza hook. Nikajifunza keywords. Nikajifunza kupost wakati watu wako kwa lunch. Mmoja wao akasema picha zenye rangi nyingi zinakaa za bei rahisi, ukitaka page ikae premium weka black and white.

Hapo ndipo nilipotegwa.

Sasa kuna Anti Felista. Huyu ni fundi wa nguo pale Kawangware, mtu wa Butere, mama wa makamo, anaishi peke yake. Ana kibanda cha mabati chenye mlango wa kijani. Ukiona kwaya yoyote ya huko imevaa gauni zinazofanana, ujue zimepita kwa cherehani yake. Anacheka kwa sauti mpaka mteja wa kibanda cha pili anacheka bila kujua sababu.

Lakini biashara ilikuwa imelala. Watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, na wengine walifikiria alirudi ocha, kijijini kwao, kitambo. Nilipomwambia nataka kumwandika, aliweka mkasi chini akaniangalia.

"Kijana wangu, usiandike mambo mingi. Waambie tu bado niko."

Nikamwahidi.

Siku ya kupiga picha stima ikapotea. Kawangware hiyo ni kawaida. Anti akawasha mshumaa, akauweka juu ya cherehani, akaendelea kushona huku anatabasamu. Wakuu, ilikuwa picha safi. Shida ni kwamba mwanga uliogonga ule mlango ulikuwa umemfanya uso ukae kijani. Nikakumbuka mwalimu wa taa ya zambarau. Nikatoa rangi yote.

Juu nikaweka hook: "Anti Felista. Mikono iliyovalisha Kawangware."

Nikapost, bundles za data zikaisha, nikaingia kazini.

Mkenya yeyote anayesoma hapa ameshajua penye hii inaenda. Picha black and white. Mama anatabasamu. Mshumaa mbele. Jina. Kwetu hiyo haihitaji maelezo. Hiyo ni picha ya tanzia, ya kuweka status na mikono miwili ya maombi. Na mimi nimeona picha kama hizo maisha yangu yote, nimeziweka status mimi mwenyewe, lakini siku hiyo macho yalikuwa kwa premium!

Kesho yake jioni nikatoka kazini, nikanunua bundles. Simu ikaingia notifications mpaka ika-hang.

Nilipiga nduru hapo kwa kibanda cha bundles. Ile graph ya page ambayo kila siku ilikuwa imelala chini, ilikuwa imesimama wima. Shares hazihesabiki. Followers wapya kutoka Mumias, Eldoret, mpaka wale wa majuu, ng'ambo huko. Nikasema Mungu wa wafuatiliaji amenikumbuka. Nikajinunulia chapati madondo kusherehekea. Comments sikufungua, nilikuwa naangalia graph peke yake, kama mtu amepewa mtoto mchanga.

Nikiwa nakula, jirani yangu Achieng, anauza omena hapo kwa reli, akanikaribia na sura ya huzuni.

"Aki pole. Nimeskia ule fundi wako wa Kawangware alienda."

"Alienda wapi?"

"Si alikufa? Imejaa kwa group zote."

Wakuu, chapati niliirudisha kwa sahani. Niliona huyu mama juzi tu! Nikampigia: mteja hapatikani. Nikapiga tena, hapatikani. Nikampigia jamaa wa kibanda kinachofuatana na chake, akaniambia kibanda kimefungwa, hajaonekana tangu siku ya picha.

Nikalia. Sioni aibu kusema. Na nikiwa na hayo machozi nikafanya jambo ambalo mpaka leo siamini. Nilifungua ile post yangu mwenyewe na kuandika: "Siamini. Juzi tu tulikuwa pamoja."

Haikuniingia akilini hata kidogo kujiuliza hao watu walitoa wapi habari. Nilidhani post ilienda viral kwa sababu amekufa. Kumbe alikuwa amekufa kwa sababu ya post.

Na hiyo comment yangu ndiyo ilimaliza maneno. Watu wakaanza kuambiana: hata mwenye blog amethibitisha.

Kesho yake asubuhi nikaenda Kawangware. Plot anayoishi Anti ilikuwa imejaa. Hema limesimamishwa, viti vya kukodisha vimepangwa, wanakwaya wamevaa zile gauni alizowashonea, wanaimba mpaka unaskia baridi. Mbele kuna meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza, picha yangu. Imeprintiwa kubwa, kwa fremu, na mtu ameongeza mshumaa wa ukweli mbele ya ule mshumaa wa picha.

Mwenye alikuwa anasimamia mambo yote ni Mama Sharon, kiongozi wa kwaya na rafiki ya Anti wa miaka mingi. Aliponiona alinikumbatia akaanza kulia upya.

"Asante kwa kutujulisha, kijana. Bila wewe hatungejua."

Nikamuuliza, "Kuwajulisha nini?"

"Si tuliona kwa page yako?"

Nikamuuliza alikufa wapi. Akasema pengine yule jamaa wa kibanda cha pili anajua. Huyo akasema aliona kwa group ya kwaya. Wa kwaya wakasema walitumiwa kutoka Butere. Butere walitumiwa kutoka Kawangware. Nikauliza swali moja kwa sauti: "Kuna mtu ameuona mwili?"

Kila mtu anaangalia mwenzake.

"Na mlisoma ile stori? Mlifungua link?"

Wakuu, post ilishariwa mpaka majuu na hakuna hata mmoja pale alikuwa amefungua link. Ndani niliandika kabisa kwamba anapokea kazi za kwaya na sare za shule, karibuni nyote.

Hapo hapo tukaskia nduru kutoka barabarani.

"Woooi! Woooi mayi! Ni nani ametuacha?"

Unajua mtu wa Magharibi akifika matangani haingii kimya kimya. Analia kuanzia mbali, mikono kichwani, anakuja mbio. Wanawake wakasimama wampokee huyo mgeni, kwaya ikapandisha sauti kumsaidia. Mgeni akapita geti, leso imefungwa kiunoni, begi mgongoni, machozi yanatiririka.

Alikuwa Anti Felista.

Alikuwa ametoka mlima wa maombi. Alienda kufunga na kuomba bila kuambia mtu, na kwa hayo maombi simu inazimwa. Alipoona hema kwa plot yao, alijua ni jirani ameaga, na kama mtu mwenye utu akaanza kulia kutoka huko nje. Huyo mama alikuwa analia matanga yake mwenyewe kuliko mtu yeyote pale.

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia hivyo. Viti vilipinduka. Mwimbaji wa bass, mwanaume wa kitambi, alipita kwa dirisha la nyumba ya jirani, ambalo paka angefikiria mara mbili. Mimi sikukimbia kwa sababu miguu ilikataa tu, msiniite jasiri.

Anti akabaki katikati ya hema, anageuka huku na huku.

"Mbona mnanitoroka? Ni nani? Niambieni ni nani!"

Mama Sharon alikuwa ameingia chini ya ile meza. Akajibu kutoka huko, chini ya kitambaa.

"Ni wewe, Feli."

Anti akainua macho akaona fremu. Akaisogelea. Akajiangalia kwa muda mrefu, mshumaa kwa mshumaa. Halafu akaniona mimi.

"Wewe si kazi yako ni rangi? Sasa mbona ulinitoa rangi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini yeye hakukaa kwa hasira, kwa sababu kuna kitu kilimpiga hapo hapo. Akashika kifua.

"Kukhu anajua?"

Kukhu ni nyanya kwa Kiluhya, na ndivyo kila mtu anamwita mama yake mzazi, huko Butere. Ni mzee, ana presha, na Felista ndiye msichana pekee amebaki naye. Mama Sharon akatoka chini ya meza, akasema kwa sauti ndogo kwamba Kukhu alijua tangu jana.

Tukapiga simu ya kaka yake. Akapokea, akaskia sauti ya dadake, akakata. Tukapiga tena. Akapatia Kukhu simu. Tukaweka loudspeaker.

"Mama, ni mimi Felista. Niko hai."

Ile sauti iliyotoka upande wa pili ilikuwa imechoka kabisa. "Mtu wa Mungu, wacha kunitesa. Tuliambiwa kanisani siku hizi wezi wanaiga sauti ya watu. Niachie hata sauti ya mtoto wangu." Akakata.

Anti alikaa chini kwa kiti alichokodishiwa. Kaka akatuma ujumbe kwamba mzee amekataa chakula na dawa, na wamekata mkalitusi wa kuni za matanga. Hapo nilijua kama huyo bibi atatuacha, hiyo itakuwa juu ya picha yangu, na hakuna edit ya kuirekebisha.

Anti akasimama. "Twende. Wewe ndiye uliniua, wewe ndiye utanifufua."

Tulifika Butere kesho yake asubuhi. Watu walikuwa wameshajazana kwa boma. Walipomwona kwenye geti, nduru ziligeuka zikawa kitu kingine ambacho sina jina lake. Anti akataka kuingia, ami yake akamzuia. Akasema mtu akishaliliwa haingii hivi hivi kama ametoka sokoni, lazima kuku achinjwe hapo getini kwanza. Anti akasimama nje, akatii. Mimi nikasimama nyuma yake, na pale kila mtu alikuwa anajua mimi ni nani.

Kuku akaletwa. Kuku akachomoka.

Sasa fikirieni wazee na vijana wanakimbiza kuku kwa migomba, ami anapiga kelele "mzuieni upande wa choo", na Anti Felista amesimama nje ya geti la kwao analia kimya kimya, na ndani ya nyumba kuna mama anayeamini anasumbuliwa na wezi.

Kukhu akatokea mlangoni. Sijui nani alimwambia. Alikuja na fimbo yake, polepole, hakuangalia kulia wala kushoto. Ami akamwambia angoje kuku.

Hakungoja. Alivuka geti, akashika mkono wa Anti, akapapasa kile kidole cha shahada ambacho sindano imekigeuza kigumu kama mti. Akakipapasa tena.

"Kuku mtashika nyinyi," akasema. "Mimi nimeshika wangu."

Wakuu, nililia mbele ya watu wa Butere bila breki.

Kukhu alikunywa uji na dawa siku hiyo hiyo. Yuko sawa. Kuku alipatikana jioni, na nyama nilipewa, ingawa ami alinipatia shingo na akahakikisha nimeona ni shingo.

Somo? Nilikuwa naomba audience, nikaipata, na hakuna hata mmoja alinisoma. Ile post niliifuta, lakini screenshot bado zinazunguka. Nikaandika nyingine, "Anti Felista yuko hai," na picha ya rangi, yeye na Kukhu wamekaa chini ya nguo zilizoanikwa. Aliyeisoma mpaka mwisho ni binamu yangu wa Kitui. Habari ya kifo ilifika Butere kabla bundles zangu hazijaingia. Hii ya uhai bado inatembea kwa miguu.

Wiki jana mteja alipita kibandani kwake, akamwona, akavuka barabara mbio. Anti hakucheka. Hiyo ndiyo ilinifanya niandike huu uzi.

Nilimuuliza niseme nini safari hii. Akajibu bila kuinua macho kwa cherehani, "Si nilikuambia kutoka mwanzo?"

Sasa nawaambia. Bado yuko. Kawangware, mlango wa kijani, anashona gauni za kwaya na sare za shule.

Mwenye ameshawahi kuliliwa akiwa hai, au kulilia mtu aliyekuja kujibu simu, atuambie hapo chini. Anti anasoma comments zote. Tafadhali mtu asimwandikie pole. Msalimieni tu.