Risasi za Kijivu na Kinu Kitupu

Mahali popote ninapofikia, na nimefikia pengi, mlio wa kinu hunisimamisha njiani. Nasikiliza kama ndani yake kuna kitu kingine.

Wakati wa vita nilikuwa kijijini Lubondja, kwa baba mdogo. Ndezi, wale panya wakubwa wa vichakani, walikuwa wanakata mashina ya mahindi yetu, na chakula kingine hatukuwa nacho. Baba mdogo alikuwa na bunduki ndogo ya kuwindia, ameificha darini. Kulenga alijua. Alichoogopa ni mlio: wenye silaha waliokuwa mlimani wangeusikia, wangekuja kuchukua bunduki, labda na yeye mwenyewe.

Nilishuka mjini Baraka kutafuta risasi. Sokoni nilipata aina mbili, zote nyembamba kama kalamu: za kijivu, na nyingine zinazong'aa kama shaba. Nikaleta zote. Siku tuliyosikia wenye silaha wamehamia upande wa pili wa mlima, baba mdogo alimtuma mkewe asimame mtoni asikilize, kisha akapiga moja ya kila aina kwenye mgomba.

"Ya kwanza, mi nilisikia kama mutu anavunja kuni," mama mdogo alisema aliporudi. "Ya pili, hata bale ba kwa makaburi bamesikia."

Ya pili ndiyo iliyong'aa. Inakwenda kasi, inapasua hewa. Ya kijivu ni ya polepole. Inataka umsogelee ndezi mpaka uone sharubu. Tukachagua ya kijivu. Lakini zilikuwa zimeingiwa na unyevu. Moja ikigoma kulipuka, baba mdogo aliizungusha kidogo ili nyundo ya bunduki ipige upande mwingine wa ukingo wa kitako cha risasi.

Alipoingia shambani, mama mdogo alitwanga, ili mlio wa risasi upotee ndani ya ule wa kinu. Mara nyingi kinu kilikuwa kitupu.

"Mama, sombe tena?" jirani aliuliza, akidhani anatwanga majani ya muhogo. "Mutakula na kinu sasa."

"Tukikimaliza tutakuja kukula chako."

Mahindi yakaanza kubeba. Kisha za kijivu zikaisha, na njia ya Baraka ikafungwa. Jioni moja majani ya mahindi yakatikisika; ndezi wamerudi. Baba mdogo alishika ile ya kung'aa kiganjani. Mama mdogo akatwanga kwa nguvu kuliko siku zote.

"Wacha," baba mdogo akamwambia. "Hii, kinu haiwezi kuifunika."

Akaitia mfukoni. Tukaingia wote shambani, tukavunja mahindi yakiwa bado na maziwa, kabla ndezi hawajayamaliza, mpaka giza.

Hakuna aliyekuja kutoka mlimani. Hata hivyo nililala nimevaa viatu.