Nilivyotoka Peke Yangu Baada ya Amina

Mimi ndiye niliyewashawishi wahadhiri wenzangu wa chuo chetu hapa Nakuru: naibu chansela, ambaye sote humwita Profesa, akimaliza maombi ya kufungua mkutano, sote tutoke nje kupinga mishahara kuchelewa. Mkataba wangu ulikuwa wa muda, na yeye ndiye huuongeza, lakini mdomo wangu ni wa kudumu.

Profesa akaomba mwenyewe: "Bwana, nimebisha hodi kila ofisi, nimerudi mikono mitupu. Hawa watu wako nitawaambia nini leo?" Nikadhani ni mbinu.

"Amina," tukaitikia. Nikainuka, nikatembea kwa kishindo hadi mlangoni, nikaufungua. Nilipogeuka, wenzangu wote walikuwa wameketi, wengine wakipangusa macho.

"Asante, mwalimu," akasema Profesa. "Uache wazi tu. Hata mimi natamani kutoka."