Spika Ilipozimika Matinyani

Niliajiriwa kutangaza sabuni mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikiwa msichana niliyemaliza shule juzi tu, kwetu katika mji mdogo wa Wote. Kampuni ilikuwa Nairobi. Ilitaka mtu anayejua Kikamba na asiyeona haya mbele za watu, na mimi nilikuwa nimezoea kuongoza nyimbo kanisani. Nikapewa aproni ya manjano, katoni za sabuni ya mche, na gari lenye spika mbili juu ya paa. Dereva alikuwa mzee Mwislamu wa Kitui mjini, ambaye baba yake alitoka pwani. Aliniita mwanangu, na Kiswahili changu cha bara kilimchekesha kila siku.

Tulifuata siku za soko: Wote, Makindu kwenye barabara ya Mombasa, Kitui, Matinyani. Dereva aliweka muziki, watu wakakusanyika, nami nikashika maikrofoni nikasema hakuna sabuni inayong'arisha nguo kama yetu. Watoto walicheza, akina mama walicheka, kila mmoja akapokea kipande cha bure. Kisha niliwaona wakiingia dukani na kumwambia mwenye duka awakatie ile sabuni yao ya siku zote.

"Muziki wetu wanaupenda, mwanangu," dereva aliniambia jioni moja tukirudi. "Sabuni ni habari nyingine."

Siku moja tukiwa Matinyani, betri ya gari ikaisha. Spika zilikuwa zimeifyonza tangu asubuhi, na sauti yangu ikakatika nikiwa bado nasema. Dereva alipata lifti kwenda Kitui kutafuta betri nyingine, nikabaki peke yangu na gari lililonyamaza. Mama mmoja aliyekuwa akiuza kunde huku akisuka kiondo akanisogezea gunia. Alikuwa rika la mama yangu, mrefu, mwenye mwanya mpana.

"Keti, mwanangu," alisema. "Umetuambia mengi leo. Sasa pumzika."

"Asante, mwaitu," nilijibu, kama tunavyomwita mama yeyote kwetu.

Alisuka mstari mmoja wa kiondo. Kisha akauliza, "Huko wanakoitengeneza hiyo sabuni, wanafua kwa maji gani?"

"Ya mfereji, nadhani."

"Sisi tunachimba mchanga wa mto. Maji yake yana chumvi. Kuna sabuni ukiitia humo inakatikakatika kama maziwa yaliyoharibika. Hiyo yako inafanyaje?"

"Sijui, mwaitu."

"Basi twende tuone. Gari lako haliendi popote."

Alimwachia jirani yake kunde, tukashuka mtoni. Alifukua shimo mchangani, maji yakajaa polepole, akayachota kwa kibuyu na kufua leso yake kwa sabuni yangu. Povu lilichelewa, lakini lilikuja. Aliubonyeza mche kwa kidole gumba, akasema ni mgumu, hautaisha upesi. Hakuisifu zaidi ya hapo. Mimi nilikaa kwenye mchanga nikimtazama, na nikatambua kwamba tangu nianze kazi ile sikuwahi kumuuliza mtu hata mmoja anafua vipi kwake.

Mama yule alikuwa kiongozi wa mwethya, yaani kikundi cha akina mama waliosaidiana kuchimba matuta katika mashamba yao kwa zamu. Alinialika siku ya zamu iliyofuata. Nilimwomba dereva aache spika zimezimwa, nikaenda na jembe. Tulichimba mpaka jua likawa kali, wao wakiimba na mimi nikiitikia, kisha tukanawa kwa sabuni niliyokuja nayo. Sikutoa hotuba. Aliyeuliza, nilimjibu. Mmoja alitaka kujua kama inatoa madoa ya utomvu wa ndizi, nikamwambia haitoi. Wakacheka, na nadhani kuanzia hapo ndipo waliponiamini.

Nilirudi tena na tena, pale na kwa vikundi vingine. Habari ilitembea kwa njia zake. Binti wa mmoja wao aliolewa upande wa Makueni akaenda nayo. Wengine walikutana kwenye mikutano ya akina mama kanisani, au walipoenda kupika msibani, na mikono ikiwa ndani ya maji watu huongea. Halafu siku moja, Makindu, mwenye duka ambaye hakuwahi kutaka kuweka sabuni yetu alinisimamisha.

"Hii sabuni ya matuta ni ipi? Watu wananiulizia."

Jina hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote ya kampuni. Lilikuwa la wale akina mama. Nilipomsimulia garini, dereva alicheka mpaka akalazimika kuegemea usukani.

Siku hizi mpwa wangu anauza mafuta ya nywele kwenye simu, na huja kuniuliza afanyeje watu waijue bidhaa yake. Ananionyesha picha nzuri alizoweka, na maswali ya wateja chini yake ambayo hajayajibu. Namwambia aanze na hayo maswali. Lakini mimi ninachokumbuka si biashara. Nakumbuka harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, na sauti ya mama yule ikianzisha wimbo upande wa juu wa shamba.

Wakati ule kampuni iliyafurahia mauzo, kisha ikabadilisha sabuni. Karatasi ilibaki ile ile, lakini mche ulikuwa laini zaidi. Meneja aliniambia nisiseme chochote, hakuna atakayegundua. Nilipofika Matinyani, mama aliubonyeza kwa kidole gumba kama siku ya kwanza, akanitazama.

"Hii si ile."

"Si ile, mwaitu. Wameibadilisha."

"Wamekutuma useme ni ile ile?"

"Wamenituma."

Alinirudishia mche. "Basi usituletee hii. Lakini wewe njoo."

Nilirudi Nairobi nikamweleza meneja maneno hayo kama yalivyosemwa. Alisikiliza akiangalia dirishani. Kabla ya mvua za mwaka huo kunyesha, njia yangu alipewa mtu mwingine, na mimi nikawekwa ofisini kupokea simu. Dereva nilimuaga kwenye uwanja wa kampuni. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema nisisahau Kiswahili alichonifunza.

Nilikusudia kwenda kumwona mama yule. Nikaolewa, nikapata watoto, miaka ikapita. Ilipofika katikati ya miaka ya tisini ndipo nilipopanda gari kwenda Matinyani, siku ya soko, nikiwa na leso mpya ndani ya mkoba. Niliuliza habari za mama yule. Mwanamke aliyekuwa akiuza kunde mahali alipozoea kukaa aliniambia alikuwa amehamia Shimba Hills, kule pwani, kwa mwanawe, huko ambako Wakamba wengi walikwenda kutafuta mashamba yenye mvua. Hakujua ni kijiji gani.

"Alikuwa nani wako?" aliniuliza.

Niliinama kuchagua kunde. Nikasema tuliwahi kulima pamoja.

Ng'ambo ya soko matuta yalionekana, yameota nyasi kingoni, mahindi yamesimama juu yake. Nilinunua kunde ambazo sikuzihitaji, nikakaa nikiongea na yule muuzaji kuhusu mvua na watoto, mpaka alipoanza kufunga mizigo yake.