Viatu vya Breki vya Gari la Baba

Enzi zetu, gari likipita Kisarawe tuliacha mdako na vijiwe chini, tukalikimbilia kunusa petroli. Mimi sikuhangaika. Baba yangu alikuwa na gari lake, kuukuu, alilouziwa na Mzungu wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Lilikohoa kila asubuhi, viti vyake vikinuka machungwa ya Maneromango, nasi tuliringa nalo mtaa mzima.

Wiki ya harusi ya shangazi Zuhura, breki zikafa. Baba alifungua magurudumu akakuta viatu vya breki, vile vyuma vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani, vimelika kabisa. Akaenda Dar es Salaam, akarudi na vipya. Vilikuwa vipana, dramu haikufunga. Jirani mmoja akashauri vipigwe tupa kidogo.

"Tupa kanolee jembe lako," mama akamwambia. "Bibi harusi hateremki kilima hiki kwa breki za kubahatisha." Kisha akamgeukia baba. "Si ulisema lile shamba lilikuwa na magari mawili ya namna moja? Twende Kibaha."

Tukapanda lori la mkaa, mimi katikati yao. Gari la pili tulilikuta kwa Bi Mwajuma, mjane wa dereva wa shamba, limezama kwenye majani. Alikuwa amelifanya banda la kuku.

"Magurudumu hayafunguliwi," alisema. "Kuku wangu anaatamia kiti cha nyuma. Mkilitikisa atayasusa mayai. Rudini akishaangua."

"Shikamoo, mama," mama yangu akasema taratibu. "Na sisi tuna mwali ndani. Ijumaa haingoji."

Bi Mwajuma akacheka mpaka akakaa chini. Walimhamisha kuku na mayai yake kwenye kapu, wakamfunika kanga, nikapakatishwa kapu lenyewe. Joto lake nalihisi mpaka leo. Hata kupumua niliogopa. Baba akafungua gurudumu, akapaka chaki ndani ya dramu, akaizungusha. Chaki ikashika kiatu kote, huku na huku.

"Ndivyo vyenyewe," akasema. Akavichukua pamoja na dramu zake.

Ijumaa, katikati ya mteremko, baba alikanyaga breki makusudi. Gari likasimama tuli. Shangazi, aliyepaswa kukaa kimya kama mwali, akapiga vigelegele mwenyewe. Kiti cha mbele alikaa Bi Mwajuma, mgeni wetu wa heshima.

Siku hizi wajukuu zangu huagiza vipuri kwa simu. Vikija sivyo, huvirudisha na kuagiza vingine, wala hawajatoka kwenye kochi. Ni rahisi, sikatai. Lakini waulize aliyewauzia anaitwa nani, watakutazama kama umechanganyikiwa. Sisi tulikifuata kipuri Kibaha tukarudi na ndugu. Miaka ilipopita, Bi Mwajuma alipofariki, mama yangu ndiye aliyemwosha.