Kalisi kwenye Ukurasa wa Mbele

Hironimus wa Lizaboni, mtaa wa Songea mjini, alikuwa mtu wa woga tangu utotoni. Akifunga duka lake la steshenari, huusukuma mlango, akaenda, akarudi kuusukuma tena. Tovuti alijifunza kutengeneza mwenyewe, usiku kwa mchana, na wateja walimpenda kwa sababu ya woga huohuo: hakuachia kazi mpaka ameikagua kila herufi.

Mwezi ule alimtengenezea tovuti Mama Kunegunda, mjane wa mtaa uleule, aliyekuwa akitengeneza divai nyuma ya nyumba yake. Divai hiyo ilitokana na masuku, yale matunda ya porini ambayo watoto wa Songea huyaokota bure wakitoka shule. Lakini neno lenyewe mama hakutaka kulisikia.

"Andika divai safi ya Songea, basi," alisema. "Ukitaja masuku, nani atatoa hela yake anunue kitu ambacho mwanawe anatema kokwa zake njiani?"

Hironimus akaandika hivyo. Ukabaki ukurasa wa mbele, uliohitaji picha. Kwa mtu aliyelelewa kanisani kama yeye, ukisema divai umesema altare. Akatafuta mtandaoni picha ya kalisi ya dhahabu, kile kikombe cha padri, akaiweka juu kabisa. Chini yake akaweka kitufe cha kuagizia, kinachopeleka ujumbe moja kwa moja kwenye simu ya mama. Mama Kunegunda alipoiona, alicheka kwa furaha. "Mwanangu, imependeza kama kadi ya jubilei."

Asubuhi ya Jumapili ya Kristo Mfalme, Hironimus akiwa anapiga pasi shati la kuendea kanisani, mama akamrushia ujumbe aliotumiwa na mteja. Ulitoka kwa Pankrasi, katekista wa kigango kimoja, kanisa dogo la kijijini, mbali na barabara ya Tunduru. "Chupa zimefika salama. Leo watoto wetu wanapokea komunyo ya kwanza. Tutaitoa divai yetu ya Songea kwenye matoleo, na padri amekubali kuisomea misa."

Pasi ikabaki juu ya shati mpaka likanuka kuungua.

Divai ya misa ni ya zabibu, wala si ya tunda jingine lolote. Hilo alifundishwa kwenye mafundisho akiwa bado hajaota ndevu. Padri akitumia ya masuku, misa si misa, na watoto wale wangerudi kwao wakidhani wamepokea kumbe hakuna. Alimpigia katekista, simu haikupatikana. Akapiga tena. Akatoka mbio mpaka kwa Mama Kunegunda.

"Shikamoo mama. Ile divai wanaipeleka altareni."

"Marahaba. Nimeona," alisema mama, na uso wake haukuwa tena na furaha. Naye alikuwa ameanza kuelewa. "Sasa utafanyaje? Mungu anaangalia nia, Hironimus. Tunajua mimi na wewe tu."

"Na yeye Mungu."

"Ukienda kusema, biashara yangu umeizika. Na jina lako pia. Nani atakupa tena kazi?"

Hironimus alitoka nje. Alichukua bodaboda ya Leo, kijana wa kijiweni, akamwambia akimbize. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na baada ya kuacha lami tairi likawa linateleza huku na huku. Hironimus alifumba macho. Aliogopa kuanguka, aliogopa kuchelewa, na zaidi aliogopa kuwahi. Kule mbele, mara mbili alitaka kusema, "Leo, geuza."

Walipofika, kwaya ilikuwa ikiimba wimbo wa matoleo. Akina mama walipita katikati wakicheza, vikapu vya mahindi vichwani, kuku kwapani, na mmoja wao ameinua chupa ile juu kwa mikono miwili. Watoto waliovaa nyeupe walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Pankrasi alisimama mlango wa pembeni.

"Katekista, mimi ndiye niliyetengeneza ile tovuti."

"Ile ya kalisi? Karibu sana. Lakini subiri, misa inaendelea."

"Ile divai ni ya masuku."

Pankrasi alimtazama. "Masuku haya haya?"

"Haya haya."

"Uwii," alisema Pankrasi taratibu, akajishika kiuno. "Mimi ndiye niliyemwonyesha padri ile picha. Nenda wewe. Miguu yangu imekufa."

Ya Hironimus nayo ilikuwa imekufa, lakini akatembea nayo. Kanisa zima lilimwona akipanda altareni na shati lenye tope. Padri Aidan alikuwa tayari ameimimina divai kwenye kalisi. Hironimus alimnong'oneza sikioni. Padri aliinusa kalisi, akaiweka chini polepole, kisha akamwambia Pankrasi, "Niletee mfuko wangu wa safari."

Ndani yake mlikuwa na kichupa cha divai ya parokia. Padri alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, na Hironimus akaona jinsi kilivyokuwa karibu kitupu. Kwaya iliurudia wimbo. Padri aliisafisha kalisi, akakiinamisha kile kichupa, akasubiri. Yalitoka matone, halafu uzi mwembamba, halafu basi.

"Inatosha," alisema padri, na misa ikaendelea.

Baada ya misa watoto walikimbilia pilau. Hironimus alisubiri nje ya sakristia, akitarajia kugombezwa. Padri Aidan alitoka akiwa amevua mavazi ya misa, wala hakumgombeza.

"Tovuti hiyo iko wazi tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwezi, Padri."

"Vigango vingapi vingine vimeagiza?"

Maagizo yote yalikwenda kwenye simu ya mama, na Hironimus hakuwahi kuuliza. Alitoa simu yake mfukoni, na mtandao haukuwepo.

"Sijui, Padri," alisema.

Padri akamwonyesha kilima nyuma ya shule, ambako watu huenda kupiga simu. Hironimus akaanza kukipanda mbio.